Msikilizaji wa Sebuleni

Televisheni mpya ililetwa Jumamosi mchana. Mtaalamu alishika upande mmoja wa kasha, kaka yake upande wa pili, wakapanda nalo ngazi huku wakitupiana lawama mpaka mlangoni kwa huyo kaka. Mtaalamu alikuwa muuza viatu. Jina hilo alipewa na ukoo, maana hakuna ndugu aliyenunua simu, redio wala pasi bila kumuuliza kwanza, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Simu ikipata moto, aliagiza iwekwe juu ya sinia la bati. Ikiwa nzito, izimwe, iwashwe. Betri mpya, alisema, ilazwe kwenye chaji usiku kucha kabla ya kuguswa. Baadaye akasema kufanya hivyo ni kuiua, na watu wakamwamini mara zote mbili.

Walipoichomeka, kioo kikajaa maandishi madogo kama sisimizi. Kaka yake, mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, akainama asome.

"Unasoma nini hapo, kaka? Hayo hayajawahi kusomwa na mtu. Bonyeza Nakubali, tuangalie mpira."

Kaka mtu akabonyeza. Ndani ya kasha, chini ya lile povu gumu jeupe la kufungashia, akainuka mwanamume wa makamo mwenye shati la kijivu, amekumbatia kigoda chake. Akajipangusa chembe za povu magotini, akasalimia watu mmoja mmoja akianza na Bibi, kisha akaenda kuketi karibu na pazia. Kasha lilikuwa kubwa, nafasi ilimtosha.

"Huyo ni msikilizaji," Mtaalamu akasema, akitafuta chaneli. "Huja nayo. Mimi nilipata mwanamke, mpole kweli."

Bibi, mama yao, alikuwa na sheria yake katika nyumba ile: mgeni akishaketi haulizwi amefuata nini, huulizwa kama amekula. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa ghorofa ya tatu haina shamba, Bibi alimpa fagio. Alifagia vizuri. Alikunja nguo, alishika uzi Bibi akifuma, na akiambiwa jambo aliitikia kwa kichwa tu. Bibi alimsimulia ugomvi wake wa miaka mingi na dada yake kuhusu kiwanja, na kesho yake televisheni ikamletea tangazo la mawakili wa ardhi. Mchanganya rangi aliguna mara moja kwa ajili ya goti, yakaja matangazo ya dawa za kuchua.

"Angalau kuna anayenisikiliza humu," Bibi akasema, na wote wakacheka.

Mke wa mchanganya rangi hakucheka sana. Alikuwa akipiga pasi kwa dobi, mchana kutwa kwenye mvuke, na wiki hiyo, akioga, alikuta uvimbe kwenye titi. Jioni alimsogelea mumewe.

"Baba, nina neno."

"Subiri kidogo, mama. Penalti hiyo."

Penalti ikapigwa, zikaja dakika za nyongeza, ukaja na usingizi. Mke akaona neno zito namna ile halifai kutupwa katikati ya kelele. Lilitaka siku yake, mtoto akiwa shule na Bibi akiwa kwa jirani, amshike mumewe mkono na kumwambia mwenyewe, taratibu, asije akaogopa. Hilo tu ndilo alilolitaka katika balaa lile: asikie kutoka kinywani mwake.

Siku yake ya mapumziko akabaki nyumbani ajifunze kulisema. Akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, kwa kuwa ndiyo iliyomwonyesha uso wake.

"Mume wangu, nimekuta uvimbe kwenye titi. Nimepewa miadi hospitali. Naogopa."

Alirudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Msikilizaji aliacha kufagia ili asimsumbue, na mke akamshukuru.

Jioni hiyo hiyo, wote wakiwa sebuleni, mpira ulikatika. Akatokea mwanamke mwenye meno mazuri, akasema, "Kwako, mama wa nyumba hii," akaonyesha vilemba laini vya kichwa kilichonyonyoka nywele. Alipoondoka yakaja majeneza yenye vishikio vya shaba, ya kulipia kidogo kidogo ukingali na nguvu. Kisha simu ya mchanganya rangi ikalia mezani. Binti yao, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma na hakuacha neno limpite, akaichukua na kusoma kwa sauti, akitembeza kidole:

"Baba, usihangaike peke yako. Tunao wasaidizi wa kulea wa-to-to wa-li-o-fi-wa na mama."

Akamtazama mama yake, akingoja asifiwe.

Uvimbe haukumshtua mke kama lilivyomshtua hili. Neno alilolibeba siku zote hizo, alilolipanga na kulipangua, lilikuwa limesemwa na mtu asiyemjua, tena na bei yake chini. Ameibiwa mchana kweupe, na mwizi yuko pale karibu na pazia anakunja soksi za mtoto.

"Ni kweli?" mumewe akauliza.

"Nilitaka nikwambie mimi," mke akasema.

Mtaalamu aliitwa, akaja, akasikiliza akikuna kidevu.

"Shemeji, nawe ulisema kwa sauti? Mambo hayo mtu huyasemea chooni. Ingawa kwangu choo nacho kina msikilizaji wake, tangu niliponunua mswaki wa umeme." Akafikiri. "Chukueni ile kubwa zaidi. Msikilizaji wake huziba sikio moja."

Mchanganya rangi alichomoa waya, akaigeuza televisheni ukutani, akamwomba mgeni aondoke. Mgeni alisimama kwa heshima. "Mlikubali," akasema kwa upole, akaketi tena.

Toka siku hiyo nyumba ikawa bubu. Bibi alisali kwa midomo tu. Mtoto akafundishwa kuongea akifika nje. Mchanganya rangi alimsemesha mkewe kwa nyusi, halafu hata nyusi akaziogopa, akawa anarudi kazini jioni na kukoga na kulala. Alimpenda, ila hakujua pa kulisemea. Miadi ilipofika mke alikwenda peke yake, kwa kuwa mumewe akiomba ruhusa kazini angelazimika kutaja sababu.

Alirudi saa nane mchana, daktari akiwa ameshamwambia yote. Ndani hapakuwa na mtu isipokuwa msikilizaji. Akampigia mumewe.

"Nimepata majibu."

"Usiseme kwenye simu, mama watoto. Tutaongea."

"Wapi?"

"Tutaona," mumewe akasema, na simu ikakatika.

Mke alisimama katikati ya sebule, mkoba begani. Msikilizaji akainuka, akamsogezea kigoda chake, yeye akaketi sakafuni akakunja miguu, akamtazama usoni na kungoja. Ilikuwa siku nyingi hajangojewa hivyo. Alijua vizuri sana huyu ni nani, na bado akaketi, akaanza tangu asubuhi ile ya bafuni mpaka neno la mwisho la daktari, akalia, akanyamaza, akaendelea.

Msikilizaji hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza alimpa kitambaa safi, akamuuliza kwa adabu kama ni titi la kushoto au la kulia.

Akamwambia.