Kauri wa Tatu

Silvestre aliletwa na serikali kutoka Inhambane kuja kuhifadhi bahari, na miezi minne haijatimia akaanza kuwafundisha makombe watu waliozaliwa pwani. Aliyamwaga mezani ofisini, akayapanga kwa rangi, kila moja na kikaratasi chake. Atija, aliyekula nyama ya kauri tangu hajaota meno, alibana midomo asicheke.

Kicheko kilimkauka pale bwana yule alipoinua kauri wawili: mmoja mzito, wa madoa, mdomo una meno; mwingine mwepesi, wa mistari, mdomo mtupu.

"Duas espécies, mama, aina mbili. Huyu wa mistari ni adimu. Mwamba Mdogo tunaufunga, hakuna kuokota. Jumatatu napeleka orodha wilayani."

Mwamba Mdogo ndipo wanawake walipookotea kitoweo. Ukifungwa, watoto watakula ugali kwa chumvi.

"Senhor, huyo ni mtoto wa huyu. Akikua hugeuka rangi, mdomo ukajikunja, akaota meno. Wewe ulizaliwa na ndevu?"

Silvestre alitabasamu kwa huruma. "Rangi ni mbalimbali, mama. Mambo haya yana kitabu."

Kitabu! Mtu hajui hata maji yanakupwa saa ngapi. Atija aliona kubishana naye ni kupoteza mate. Dawa yake ni kumwekea ushahidi mbele ya pua.

Jumapili, maji yalipokupwa, alivuka mpaka Fungu la Nje, mahali pa akiba pa wanawake, ambapo hapakuwahi kutajwa mbele ya mgeni. Akampata aliyemtaka: mistari bado inaonekana chini ya madoa, mdomo umeanza kujikunja, meno ndiyo kwanza yanachomoza. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimsikia moyoni Silvestre akiomba radhi.

Jumatatu asubuhi, ofisini, alimweka kauri huyo katikati ya wale wawili. "Mdogo, wa kati, mkubwa. Haya, sema."

Silvestre alimgeuza huku na huku. "Umemtoa wapi?"

"Fungu la Nje," Atija alijibu kwa majivuno, "wewe huwezi kufika."

"Terceira espécie! Aina ya tatu!" Silvestre akaruka kitini. Akavuta ramani, akazungushia Mwamba Mdogo kwa kalamu nyekundu, kisha Fungu la Nje, duara kubwa zaidi. Akamshika Atija mikono yote miwili.

"Tangazo la marufuku litabandikwa kijijini leo, mama. Na chini nitaandika jina lako, wajue ni nani aliyetuonyesha."