Barua ya Bibi Penhallow

Verdell Tarpley alivaa tai siku aliyopeleka mashairi yake kuchapwa. Alikuwa na miaka sitini na saba, mapafu yameoza, na daktari alishamwambia asipange mambo ya mwaka ujao. Wenzake wa mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita, walioandika pamoja naye hapa Harlem, mtaa wa weusi, wakajiona wameamsha watu wao, wote wako udongoni. Jarida lao lilitoka mara moja tu, likafa. Alichobaki nacho ni mswada huu, na alitaka uwe kitabu kabla hajawafuata.

Mtambo wa kuchapia ulikuwa kwenye lililokuwa duka la viatu. Mwenyewe kijana, kwao wanamwita Clarence, siku hizi anajiita Jabari. Alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akasema nyinyi ndio mliotutangulia. Verdell akaona mambo yamenyooka.

Ila juu ya mswada alikuwa ameambatanisha barua. Enzi zake hakuna aliyefungua karatasi za mtu mweusi bila mzungu wa kumdhamini. Hata watumwa waliotoroka wakaandika masaibu yao, mzungu alitangulia kushuhudia kwamba hawasemi uongo. Kwa Verdell hiyo ilikuwa adabu, kama kuvua kofia. Barua ilikuwa ya Bibi Penhallow, tajiri aliyemlisha ili aandike, na ilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Jabari akaisoma, akairudia.

"Mzee, huyu mama yu hai?"

"Alikufa zamani."

"Sasa mbona bado anakushika mkono?"

Verdell akacheka peke yake. Akasema vijana mna bahati, mna mtambo wenu, sisi tulibisha hodi kwa wazungu.

"Nyinyi mliwaandikia wao," Jabari akasema. "Sisi tunaandikiana."

Akaiweka barua kando, akapekua mashairi. Ngoma. Msitu. Mikuki. Ngoma tena.

"Ngoma hizi ulizisikia wapi, mzee?"

"Kwa Bibi Penhallow. Alikuwa na santuri."

Jabari akafunua hadi kurasa za mwisho. Kisha akamuuliza Verdell mama yake mzazi alifanya kazi gani.

"Dobi. Alipiga pasi mpaka vidole vikapinda."

"Simwoni humu."

Verdell akaeleza kwamba zamani mama alikuwamo. Mashairi kumi na tisa, yote ya mama na wapiga pasi wenzake. Bibi Penhallow alisema yananuka sabuni, Afrika haimo ndani yake. Basi Verdell akayatia kwenye jiko la makaa kwa mkono wake mwenyewe, wala hakubakiza nakala.

"Haya siwezi kuyachapa," Jabari akasema. "Hayo uliyochoma ningeyachapa leo hii. Nenda kayaandike upya, mzee wangu."

Alimsindikiza hadi mlangoni, bila dharau. Afadhali angemtukana.

Nyumbani Verdell alikaa mezani na kalamu, koti hajavua. Siku tatu. Aliikumbuka harufu ya nguo mbichi, aliukumbuka mgongo wa mama, lakini kila alipotafuta neno, lilikuja la msituni. Siku ya nne alikohoa damu juu ya karatasi. Akaifuta kwa kiganja, akasoma alichoandika. Ulikuwa mstari mmoja: mama yake amesimama kwenye meza ya pasi, na nyuma yake yuko chui.

Akajaribu kumfuta chui. Karatasi ikachanika.