Mafuta Haya Yamekaanga Nini?

Mkahawa wa kwanza aliukataa mlangoni. Mhudumu hajamaliza kusema karibu, yeye keshauliza, "Mafuta yenu yamekaanga nini leo?"

"Kila kitu, dada. Samaki, ngisi, kamba..."

"Asante. Tunaondoka."

Mkahawa wa pili waliapa kwamba kamba wana karai lao peke yao. Pua yake ikagoma kuamini. Mwanamke huyu ni fundi cherehani; miaka kumi na miwili wateja wamemletea vitambaa vya ovyo wakiapa ni hariri, na viapo havimwingii akilini tena. Halafu leo si suala la kitambaa. Binti yake wa miaka sita, ambaye nyumbani wanamwita Bosi kwa jinsi anavyowatuma watu, anakula samaki vizuri tu, lakini kamba kwake ni sumu. Mwaka jana alionja mmoja, koo likavimba, akafikishwa hospitali roho mkononi. Daktari hakuzunguka: mara nyingine huenda asifike.

Mama mkwe, waliyeongozana naye leo, hakuwepo siku ile, na jambo asiloliona kwa macho yake basi kwake ni hadithi.

"Mwanangu, utatuua kwa njaa," alilalamika, akijipepea na mtandio. "Mume wako yuko kwenye semina yake, katuambia tukatembee, tule samaki wazuri wa mji wa watu. Wewe umegeuka mkaguzi! Nimelea saba mimi. Hakuna aliyekufa kwa kitoweo."

"Sawa, mama."

"Hiyo sawa yako naijua. Ya kuninyamazisha."

Ilikuwa ya kumnyamazisha kweli.

Mkahawa wa tatu ulikuwa uchochoroni, meza nne tu, na mpishi wake mwanamke mnene aliyekunja mikono ya gauni hadi mabegani. Fundi akaomba kuingia jikoni. "Mama, niangalizie Bosi," alisema, akapotelea ndani.

Huko hakuacha kitu. Alinusa mafuta, akapitisha kidole kwenye kibao cha kukatia, akauliza kisu kimeoshwa na nani na kwa maji gani. Kamba walikuwepo, ndani ya ndoo yenye barafu.

"Dada, wewe ni afisa wa afya?" mpishi aliuliza.

"Mimi ni mama yake mtoto."

"Loo, bora angekuja afisa!" Mpishi akacheka, lakini akaitoa ndoo nje, akaosha kila kitu upya, akamimina mafuta mapya kwenye kikaango kipya. Fundi alisimama hapo hapo, macho hayabanduki, mpaka samaki akaiva. Sahani aliibeba mwenyewe.

Bosi alikula matonge mawili. La tatu akaliacha, akaanza kujikuna shingo. Midomo ikaumuka. Halafu akakohoa kikohozi ambacho mama yake alikuwa akikisikia ndotoni mwaka mzima.

Sindano ya dharura haikosi mkobani mwake. Alimchoma pajani, huku akimpigia mpishi kelele. "Muuaji! Nilikuuliza! Nilikuuliza mara ngapi?"

Mpishi alikuwa keshatoka mbio kusimamisha gari, na aprani yake kiunoni. Akarudi, akamnyanyua mtoto mwenyewe, akapanda naye.

Garini Bosi alipata sauti kidogo, ya kukwaruza. "Mama, ni yule kamba wa Bibi. Kasema nisikwambie."

Mama mkwe akafungua pochi, akatoa karatasi yenye mafuta. "Nilimnunua kule mkahawa wa pili, ulipotangulia kutoka. Kipande tu, mwanangu, ulipokuwa jikoni. Nilitaka akila asipate kitu, uone, upunguze hofu. Nilidhani unamdekeza." Akalia.

Fundi alimsikia, asiweze kumtazama.

Hospitali walimwongezea Bosi dawa, pumzi ikatulia. Muuguzi akasema mama aende mapokezi kuandikisha, mtoto abaki na mtu wa kumwangalia, uvimbe usije ukarudi.

Mama mkwe alisimama haraka, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Hapana, mama," fundi alisema taratibu. "Wewe subiri nje."

Akamgeukia mpishi, ambaye hata jina lake hakuwa amemuuliza.

"Dada, nisamehe," alisema. "Kaa naye wewe."