Matumizi ya Binadamu: Hakuna

Picha ya mia nne na kumi na sita ilikuwa ya mgongo wa mama yake.

Karani hakuhitaji kuona uso. Alimjua kwa mzigo wa kuni aliouegemeza kwenye bega la kushoto, maana la kulia lilishateguka zamani, na kwa ile ndoo ya njano isiyo na mfuniko. Saa mbili na dakika tisa asubuhi, kamera namba saba, njia ya chemchemi. Chini ya picha kulikuwa na vitufe vitatu: MNYAMA, MTU, TUPU.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Kamera thelathini zilifungwa kwenye miti kule mlimani zikipiga kila kinachopita, na yeye, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya mbolea, alibonyeza. Mtafiti aliyemwajiri, ambaye kijiji kizima kilimwita Daktari na mwanzoni kilimletea watoto wenye homa, alikuwa anahesabu wanyama wanaorudi tangu mlima ulipofungwa kwa muda ili upandwe miti na upone. Na walikuwa wanarudi kweli: swala, nungunungu, chui mmoja mwenye jicho bovu. TUPU ilikuwa ya upepo. Nyasi zikitikisika, kamera inadanganyika. Picha za tupu karani alizifuta kila Ijumaa zisije zikajaza mashine. Picha za MTU zilikwenda kwa mkuu wa doria siku hiyohiyo. Ndiyo yalikuwa makubaliano, na bila hayo Daktari asingepewa kibali.

Wiki yake ya kwanza alibonyeza MTU bila kufikiri, kama alivyofundishwa. Mtu mwenyewe alikuwa Mama Pacha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Akala miezi sita jela. Watoto wake walibaki kwa bibi yao, na mmoja akaacha kusema. Mama Pacha alipotoka alikuja kuomba chumvi, akakaa kidogo, akasema mpaka leo hajui ni nani aliyemchongea. Karani akampa chumvi. Alisubiri ahisi kitu. Wapi.

Tangu alipokamatwa Mama Pacha, hakuna mtu aliyepita mlimani. Wanawake ishirini na ushee, na ndoo zao, na kuni zao, na watoto mgongoni, wote walikuwa upepo.

Akabonyeza TUPU. Picha iliyofuata ilikuwa ya nguruwe pori.

"Leo nimekipita tena kile kidude chenu," mama yake alimwambia jioni ile, akitua ndoo jikoni. Bomba la kijiji lilikuwa na mwaka wa pili halitoi hata tone. "Nimekisalimia, hakijaitikia. Hakina adabu."

"Mama, usipite mbele yake. Zunguka."

"Nizunguke na goti hili? Thubutu! Na kama kinaona, mbona sijakamatwa? Kibovu hicho. Mwambie bosi wako kauziwa mbuzi kwenye gunia."

Karani akajitia hamnazo, akachochea moto.

Mwezi wa kumi na nne wa utafiti alikuja ofisa ardhi. Mkutano ulifanyika shuleni, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Jambo lilikuwa moja tu. Mlima sasa unafungwa moja kwa moja. Je, kijiji kitaachiwa njia ya chemchemi? Sheria ilisema njia inayotumika haizibwi. Karani alikaa mbele, upande wa watafiti, na chupa ya maji aliyogawiwa.

Ofisa akasoma ripoti ya Daktari. Chui amerudi. Miche minane kati ya kumi imeshika. Halafu akafika ukurasa wa kumi na moja.

"Matumizi ya binadamu: hakuna."

Mama yake karani akasimama. "Mheshimiwa, mimi napita pale kila Jumatatu na Alhamisi tangu nilipoolewa."

"Mama yangu, kamera thelathini, miezi kumi na minne. Kaonekana mtu mmoja tu, mwanzoni kabisa, na akachukuliwa hatua. Mtu mmoja hafanyi njia. Na mashine haina ndugu, haimpendelei mtu."

"Kwa hiyo mimi ni jini?"

Darasa likaangua kicheko. Ofisa naye akacheka. Alikuwa mtu mchangamfu.

"Sijasema hivyo, mama. Lakini kama ulipita, ulivunja sheria. Nani mwingine alivunja? Asimame, tumwandike."

Hakusimama mtu. Mama Pacha aliangalia sakafu.

"Tukipita mnatufunga," mama akasema taratibu. "Tusipopita mnasema hatupiti. Mnataka tufanyeje?"

"Mna siku thelathini za pingamizi. Leteni ushahidi, si maneno."

Karani alitaka kusimama. Alijiambia simama, mara mbili, mara tatu. Akainamia chupa yake ya maji. Alipoinua kichwa watu walikuwa wanatoka.

Kesho yake alimkuta Daktari anapanga vitabu kwenye sanduku.

"Watu walikuwepo," akasema. "Niliwaita tupu."

Daktari akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake karani alipoteguka goti, ni yeye aliyempeleka hospitali kwa gari la mradi.

"Wangapi?"

"Wengi. Kila siku."

"Picha zipo?"

"Nilizifuta kila Ijumaa. Kama ulivyonielekeza."

Daktari akafunga sanduku. "Unajua maana yake? Wanyama wamerudi na watu wakiwa humo humo. Nimetafuta jambo hilo maisha yangu yote, kwamba wanaweza kuishi pamoja. Nimeandika kinyume chake."

"Si uandike upya?"

"Kwa takwimu zipi? Nikisema karani wangu alidanganya, utafiti mzima unatupwa. Wewe unafungwa. Na hao kina mama, kwa ushahidi wako mwenyewe, wanafungwa." Akainuka, akausukuma mlango mpaka ukajifunga. "Tusiliongelee tena. Nasema kwa faida yako."

Karani akarudi kwenye kiti chake. Kulikuwa na picha za kubonyeza, akabonyeza.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, zikaletwa kadi mpya za kamera kutoka mlimani. Adhabu ya kuingia ilikuwa imeshapandishwa, miaka miwili. Akafungua kamera namba saba.

Safari hii haukuwa mgongo. Mama yake alisimama hatua mbili mbele ya kamera, kavaa gauni lake la mtoko, kainua kitambulisho usawa wa kidevu. Kakishika juu chini. Nyuma yake Mama Pacha na cha kwake. Nyuma yao wanawake wengine, wamepanga foleni kwenye njia ya chemchemi, wamevua vitambaa vya kichwa ili nyuso zisomeke. Walikuwa wameleta ushahidi. Hawakumwambia karani; ameajiriwa na Daktari, hawakutaka kumtia matatani.

Kamera ilipiga picha tatu kwa kila mmoja. Majina yalisomeka. Akibonyeza MTU, kijiji kimepata pingamizi lake, na mkuu wa doria kapata orodha yake. Akibonyeza TUPU, hawakuja.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa doria akachungulia, kikombe cha chai mkononi.

"Karani, umeamkaje? Vipi, wiki hii kuna watu?"

"Ndiyo naanza kuangalia," akasema.

"Haya, nasubiri." Akavuta kiti, akakaa.

Karani akasogeza picha. Katika iliyofuata mama yake alikuwa bado amesimama, mkono umeanza kumshuka, ameusaidia kwa mkono wa pili, anaitazama kamera akingoja aonekane.