Mwaka Usiokuwa na Nahodha

Katika ukumbi wa chuo chetu pale mtaa wa Ghala, Muscat, kuna ubao wenye majina ya manahodha wote waliotuongoza dhidi ya Al Wafaa tangu mwaka 1988. Kila mwaka una jina lake. Mwaka 1993 una kistari tu. Nahodha wa mwaka ule ni baba yangu, Khalil.

Chuo chetu, Al Midrar, kinafundisha ufundi: injini, umeme, viyoyozi. Al Wafaa kipo Al Khuwair, karibu na mawizara, na kazi yake ni kutoa makarani na wahasibu. Kutoka chuo kimoja kwenda kingine ni mwendo wa dakika kumi na tano barabara ikiwa tupu, nayo haiwi tupu. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, tunacheza mpira, na siku hiyo hata mashemeji hawapokeleani simu. Wao wanatuita Grisi. Sisi tunawaita Mihuri.

"Grisi, nawaeni kwanza, mtauchafua mpira!"

"Muhuri, faili lako liko wapi? Njoo kesho!"

Nimesoma pale, nimepata diploma yangu pale, na kelele hizo nimezipiga mpaka sauti ikanikauka. Moja tu sikuwa na jibu lake. Wachezaji wetu wakiingia uwanjani, mashabiki wa Al Wafaa huinua vikombe vya karatasi, wakaviweka chini wote kwa pamoja, kisha wakauliza kwa sauti moja: "Haja yako nini, Zinjibari?" Uwanja mzima hucheka. Hata upande wetu hucheka. Vijana wa siku hizi hawajui maneno hayo yalianzia wapi. Mimi nilikuwa najua, kwa sababu huyo Zinjibari, kama wanavyotuita huku sisi wenye asili ya Unguja, alikuwa nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini, amefunga madirisha, akingoja siku ipite.

Mwaka huu chuo kiliamua kuandika historia ya mechi hizo. Kitatolewa kitabu, na ubao utapakwa upya. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya uhusiano, kwa hiyo kazi nikapewa mimi. Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Azzam, mchezaji wetu wa zamani na mjumbe wa kila kamati ya chuo, ambaye sasa ana maghala ya vyakula vya baridi mitaa miwili kutoka chuoni. Katika kikao cha kwanza aliniwekea mkono juu ya karatasi zangu.

"Binti yangu Noof, mwaka 93 usikusumbue. Andika kwamba mechi haikuchezwa."

"Ilichezwa, Bwana Azzam. Ina mwamuzi, ina matokeo."

"Ilifutwa. Kilichofutwa hakikuchezwa."

Wajumbe wakacheka, wakapitisha tende. Mimi nilitaka jambo moja tu katika kazi ile: jina la baba yangu lirudi kwenye ubao.

Kisa chenyewe, kama kila mtu alivyokijua, kilikuwa hivi. Desturi ya mechi zetu ni kwamba aliyeshinda humwalika aliyeshindwa jioni ileile kwa halwa na kahawa. Mwaka 1993 tulifungwa bao moja kwa bila, bao la mtu aliyeotea mpaka mshika kibendera mwenyewe aliona haya. Timu yetu ikaenda Al Khuwair, ikakaa chini kwenye busati, wazee wa vyuo vyote viwili wakiwepo. Baba, nahodha, akamiminiwa finjani ya kwanza. Hakuinywa. Akaiweka chini.

Kwa Waarabu wa huku, mgeni akiiweka chini kahawa bila ya kuionja, ana haja. Na mwenye nyumba haulizi ni haja gani kabla ya kukubali. Hukubali kwanza, ndipo akauliza. Nahodha wa Al Wafaa, Ghanim, akasimama mbele ya wazee wake akasema, "Kunywa kahawa yako, umepewa. Haja yako nini?" Na baba, akicheka, akasema, "Tunataka kombe."

Wakampa. Wangefanya nini? Grisi wakalizungusha kombe Ghala nzima kwa wiki moja, wakipiga honi. Kisha mkuu wa chuo akapata habari, akalirudisha mwenyewe kwa mikono yake akiomba radhi, na mwaka ukafutwa. Al Wafaa wakasema yule Zinjibari ameifanyia hila heshima ya watu. Wenzake waliokuwa wakipiga honi wakasema hawakujua, huyu mtu wa Unguja ndiye aliyewatia aibu. Alivuliwa unahodha. Miezi mitatu iliyobaki chuoni alikula peke yake.

Baba alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kati ya hiyo saba tu aliishi Muscat. Sikupata kumuuliza chochote. Katika nyumba yetu mpira ulikuwa haufunguliwi hata kwenye televisheni.

Nilianza kwa Ghanim. Amestaafu wizarani, ana ndevu nyeupe, na alinipokea sebuleni kwake na mkewe pembeni. Tulizungumza Kiarabu. Nilipomwambia mimi ni binti wa nani, aliniuliza:

"Anasemaje baba yako?"

"Hasemi."

"Nilimchukia miaka kumi," alisema. "Halafu nikawa mtu mzima, nikaanza kuukumbuka ule usiku vizuri. Mwanangu, baba yako alikuwa na finjani mkono wa kulia. Ikaja sinia ya halwa. Halwa huliwa kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ndiyo hivyo. Aliiweka finjani chini ale halwa. Basi. Mimi niliposimama kumwambia amepewa, aliniangalia kama mtoto aliyeitwa jina si lake. Hakujua. Aliyejua ni yule aliyekaa ubavuni mwake. Aliinama akamsemesha Kiswahili, maneno mawili matatu, ndipo baba yako akasema kombe."

"Nani huyo?"

Ghanim akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Mwenyekiti wenu."

Nilimwambia hapana, Bwana Azzam hajui Kiswahili. Hajapata kutamka neno moja la Kiswahili pale chuoni.

"Kiswahili sikijui mimi," alisema Ghanim. "Masikio ninayo."

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba anamwagilia mndimu wake uani. Sikuzunguka.

"Baba, Azzam ndiye aliyekwambia useme kombe?"

Mpira wa maji ukabaki unamwaga mahali pamoja mpaka maji yakanifikia miguuni.

"Nani kakwambia?"

"Ghanim."

"Ghanim," alirudia. Kisha akafunga bomba, akakaa kwenye kigoda. "Alinambia, 'Sema unataka kombe, ndo mzaha wao huku.' Nami nikaona ndiyo desturi, mshindwa afanye mzaha. Watu wa huku wana desturi zao, mie ntazijua wapi zote? Nikasema. Wallahi nilidhani watacheka."

"Na yeye alikuwa anajua?"

"Kazaliwa hapahapa, vipi asijue. Alitaka kombe. Kila mtu alilitaka, lile bao lilikuwa la wizi."

"Kwa nini hukumtaja?"

Alifikiri. "Mwaka wa kwanza yule, mdogo. Wenziwe walikuwa hawajui kama kwao wanasema Kiswahili. Kaficha. Ukisema Kiswahili siku zile, we Zinjibari, basi, hupasiwi mpira. Mie nilikuwa nshaitwa. Ningemtaja ingekuwa wawili badala ya mmoja. Itanifaa nini?"

"Angejitaja mwenyewe!"

"Angejitaja," alikubali. "Hakujitaja. Noof, usiandike haya."

Nilimwambia sitaandika. Nilikuwa na nia ya kufanya zaidi ya kuandika.

Siku ya pili yake nilikwenda kwenye ofisi ya Bwana Azzam, kule kwenye maghala yake. Baridi ya vyumba vya nyama ilikuwa inapenya hadi kwenye korido. Aliniagizia chai, akaniuliza kwa Kiarabu sura ya kwanza imefika wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili.

"Imefika pale ulipomwambia baba yangu aseme anataka kombe."

Hakushtuka. Hakujifanya hakuelewa. Alitazama mlango.

"Rudishia mlango huo," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe, kitamu, hakina hata kutu. Miaka sita nimefanya kazi na mtu huyu, ananisikia nikizungumza na mama kwenye simu, ananisikia nikimsema yeye mwenyewe kwa mama kwenye simu, na hajapata kunyanyua hata nyusi.

Nilirudishia mlango.

"Kakwambia Khalil?"

"Ghanim."

"Ah. Khalil hasemi." Alisema hivyo polepole, kama anayesoma jambo alilokwisha kulisoma mara nyingi. "Unataka nini, bibiye? Unataka kunitoa kwenye kamati? Unitangaze?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Nilikuwa na sentensi zangu, kali, nimezinoa njia nzima kwenye foleni ya magari. Yeye alikaa tu, ananingoja, na mimi nikaona kwamba ninaweza kupata nilichokuja kukitafuta hapohapo, bila ya sentensi hata moja.

"Jina la baba yangu kwenye ubao. Mwaka 93."

"Jina tu?"

"Jina tu. Na kitabuni, kwenye orodha. Hayo mengine nitayanyamazia."

Alicheka kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ni mafua tu. Alinyanyua simu, akampigia mpaka rangi mbele yangu, akataja jina kamili la baba yangu, la baba yake na la babu yake, bila ya kukosea.

"Basi, tumemaliza," aliniambia, kwa Kiarabu.

Alhamisi nilisimama mbele ya ubao rangi ikiwa bado mbichi. Nilipiga picha. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kutaka kumwonesha mtu yeyote anayepita. Nyumbani nilimpa baba simu bila ya kusema kitu. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Mdomo wake ulianza kutabasamu. Mama, Masouda, alikuwa nyuma yake, akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo mwenyewe kwa aibu.

Kisha baba akauliza, "Kakubalije?"

"Nilikwenda kwake."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ninajua. Na kwamba akilirudisha jina, basi, sitasema."

Alinirudishia simu, akavua miwani akaikunja.

"Umempa nini, Noof?"

"Sikumpa kitu. Yeye ndiye aliyetoa."

"Umempa risiti," alisema baba. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningejua la kufanya. "Miaka thelathini na zaidi mie na yule tunasali msikiti mmoja. Sikumuomba kazi, na alikuwa na uwezo wa kunipa. Sikumuomba akuajiri wewe. Sikumuomba hata anisalimie. Kila akiniona mie, yeye ndiye anayejua. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, mwanangu. Sina kingine nilichotoka nacho pale chuoni. Sasa kamaliza. Kalipa kwa kopo la rangi."

"Baba, watu watasoma jina lako!"

"Jina langu nnalijua mie."

Mama alisema, "Khalil, mtoto kakufanyia wema," na baba akamjibu, "Nnajua kanifanyia wema," akaingia chumbani.

Sikulala vizuri, lakini niliamka bado nikiamini niko sawa. Nilijiambia ni ukaidi wa wazee. Nilijiambia itampita, atakwenda mwenyewe Ghala kuutazama ubao, atasimama mbele yake na kofia yake mpya. Hata hoja nilikuwa nimeshazipanga.

Ijumaa nilimpeleka msikitini kwa gari, kwa sababu goti lake lilikuwa linamsumbua. Baada ya sala nikamngoja upande wa pili wa barabara, kiyoyozi kikivuma. Watu walianza kutoka. Niliwahi kumngoja pale mara nyingi, na Azzam nilikuwa nimezoea kumwona akitokea mlango wa nyuma, wa kwenye maegesho, akienda haraka, kichwa chini. Siku zote nilidhani ni mtu mwenye shughuli.

Siku ile alitokea mlango wa mbele. Baba alikuwa anavaa makubadhi, ameshika ukuta. Azzam alimwendea moja kwa moja, kifua mbele, akamkumbatia mbele ya jamaa wote, akampiga mgongoni mara mbili.

"Khalil, ndugu yangu! Siku nyingi! U hali gani?"

Kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mpaka mimi nikaisikia ndani ya gari. Watu wawili watatu waligeuka wakatabasamu. Azzam alikuwa anamtazama baba machoni, usoni hana wasiwasi wowote, na ameushika mkono wake hauachii.

Baba ndiye aliyeangalia chini. Alisema neno, sikulisikia, akauchomoa mkono wake, akavuka barabara akichechemea bila ya kutazama magari. Nilimfungulia mlango. Alikaa, akafunga mkanda, akaweka mikono juu ya magoti.

"Twende," alisema.

Nilisubiri aniambie jingine. Tulipofika kwenye mzunguko nilikuwa bado ninasubiri.