Nusu Jumlisha Tatu Mara Nane

Fundi pazia hakuwa mtu wa wivu mpaka mkewe alipoanza kusoma hesabu. Kabla ya hapo mke aliweza kutaniana na muuza vitambaa, akacheka na kila mteja, akasimama mlangoni kupiga soga na nusu ya mtaa, na fundi akaendelea na kazi yake, pini zimemjaa mdomoni, hana habari.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili zinazotazamana, na pasi iliyovuja maji upande mmoja. Yeye alikata, mkewe alishona. Kila mara kabla ya kuunga kipande, mke aliinua kichwa akauliza, hii itatosha kweli? Fundi alijibu bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. Lakini swali lile ndilo lililokuwa chai yake ya saa nne. Siku lisipoulizwa alikuwa akikohoa kohoa mpaka liulizwe.

Kisha likaja darasa la watu wazima, jioni, katika shule ya watoto iliyo nyuma ya kituo cha maji. Mke akajiandikisha. Fundi akasema vizuri, nenda mke wangu, elimu haina mwisho, na akasema hivyo kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu alidhani mwalimu ni mzee.

Hakuwa mzee. Mke aliporudi siku ya kwanza, habari zote zilianza na "mwalimu anasema". Mwalimu anasema hesabu haisomwi kama barua, ukaanza kushoto ukaburuzwa hadi kulia. Mwalimu anasema kuzidisha kwanza, kujumlisha baadaye. Fundi akatia utani kwamba wao wawili walishazidisha, watoto wako wanne, sasa wamebakiwa na kujumlisha tu gharama. Mke hakucheka. Alikuwa akiandika kwa chaki kwenye ukingo wa meza, ulimi umechungulia nje kidogo, kama msichana.

Zaidi ya hapo, akaacha kuuliza. Anaunga vipande, anapiga hesabu kimya kimya midomo ikicheza, anashona. Fundi akakohoa. Mke akamwambia anywe maji ya moto.

Basi wivu ukamkaa. Akaanza kuona mambo ambayo hayakuwepo na mengine yaliyokuwepo muda wote. Kwamba mke anajipaka mafuta kabla ya darasa. Alikuwa akijipaka tangu siku ya harusi. Kwamba anaimba akipiga pasi. Kwamba amesema neno "mwalimu" mara nyingi kuliko neno "chumvi", na wao wanakula kila siku.

Jioni moja mawingu yalipofunga, fundi akapata kisingizio. Akachukua mwavuli, akaenda shuleni, akasimama kwenye dirisha la nyuma kama mlinzi asiye na mshahara. Ndani, watu wazima walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafikia kidevuni. Muuza nyama alikuwa kiti cha mbele, amebanwa pande zote. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, kola imenyooshwa, na fundi, ambaye kazi yake ni vitambaa, alikiri moyoni kwamba suruali ile ilishonwa na mtu anayejua.

Mwalimu akaandika ubaoni mbili jumlisha tatu mara nne. Darasa zima likajibu ishirini. Mke wa fundi peke yake akasema kumi na nne.

"Sawasawa kabisa," mwalimu akasema. "Tatu na nne ndizo zinazoanza kukutana. Mbili anasubiri zamu yake."

Fundi akaona mkewe akitabasamu, tabasamu lile la upande mmoja alilodhani linajulikana nyumbani kwake tu. Mwalimu akaendelea: lakini. Akatembea hadi kwenye dawati la mke, akainama, akaanza kumwonyesha kitu kwenye karatasi. Damu ikamchemka fundi. Hakungoja kusikia kilichofuata neno "lakini". Aliondoka na mwavuli wake, mkewe akarudi ameloa chapachapa, na alipoulizwa kama hakuona mvua, fundi akasema hakuiona.

Alilala na azimio. Kama ni kuzidisha kwanza, hata yeye ana kichwa. Siku moja atamwonyesha, kama jambo la kawaida tu, kwamba nyumbani kwake kuna mwanamume anayejua zamu ya tatu na zamu ya nne.

Siku hiyo ikaja haraka. Msimamizi wa hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, mama mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, aliagiza mapazia ya bwalo la chakula. Madirisha manane, kila moja upana mmoja wa kitambaa, urefu mita tatu, na nusu mita ya pindo la juu na chini, maana anapenda mapazia mazito yanayotulia. Yawe tayari Jumamosi, kuna wageni.

Mke alikuwa darasani. Fundi akavuta kikokotoo chake cha mezani. Aliyemfundisha kazi alimzoesha kuanza na pindo, kisha urefu, kisha madirisha, na tangu ujana alikuwa akibonyeza hivyo hivyo: nusu, jumlisha tatu, mara nane. Kidole kikasimama hewani. Hapana. Leo hesabu ya kisomi. Akasukuma kikokotoo kando akachukua chaki. Kuzidisha kwanza: tatu mara nane, ishirini na nne. Nusu inasubiri zamu yake. Ishirini na nne na nusu.

Akaitazama ile namba kwa mapenzi. Kumbe kazi za namna hii alikuwa akinunua mita ishirini na nane. Kumbe maisha yake yote amekuwa akitupa kitambaa. Akafunga duka, akaenda kwa muuza vitambaa, akanunua mita ishirini na nne na nusu za bluu nzito. Muuza vitambaa akamwambia ana bahati, jora limeishia hapo na kiwanda kimeacha rangi hiyo. Fundi akarudi akipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi akatandaza kitambaa mbele ya mkewe, kwa madaha, akaanza kupima na kutia alama kabla ya kukata. Pazia la kwanza, mita tatu na nusu. La pili. Alipofika la saba akatia alama ya mwisho, akanyoosha mkono kuvuta kitambaa kilichobaki, na mkono ukashika meza.

Akapima tena akianzia upande mwingine, kana kwamba kitambaa kitaona haya kijirefushe. Mke akasimamisha cherehani.

"Umenunua ngapi?"

Akamwambia, na akamwambia jinsi alivyopata, kwa sauti inayozidi kushuka. Kuzidisha kwanza. Nusu kusubiri zamu.

Mke akaacha cherehani, akaja mezani. Kisha akasema, "Maneno ya zamu hayo sijakuletea mimi nyumbani. Umeyasikia wapi?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Duka lilikuwa chumba kimoja. Fundi akaeleza habari ya dirisha la nyuma, na mwavuli.

"Kwa hiyo uliniacha nikaloa."

"Aliinama," fundi akasema. "Kwenye dawati lako."

"Anainama kwa kila mtu. Ungekaa siku hiyo ungemwona akiinama kwa muuza nyama, na yule ananuka mafuta." Mke akachukua chaki. "Na ungesikia habari ya mabano. Pindo na urefu ni wa dirisha moja, hawaachani. Unawafungia ndani kwanza." Akachora mabano mawili, moja kila upande wa nusu jumlisha tatu. "Walio ndani wanamalizana, ndipo nane anaingia. Kikokotoo chako kilikuwa kikikuwekea mabano kimya kimya miaka yote, maana kinajumlisha papo hapo kabla hujakitajia madirisha. Wewe ukakiacha siku unayokihitaji."

Fundi akakaa kwenye kigoda. Alichosema hakikuhusu kitambaa. Alisema zamani mkewe alikuwa akimuuliza kila kitu, na sasa hamuulizi hata saa.

"Nilichoka kuuliza," mke akasema. "Ulikuwa unajibu kama nakukanyaga."

Pasi ikadondosha maji. Hakuna aliyekwenda kuyafuta. Hatimaye mke akageukia chaki tena, maana Jumamosi haikuwa mbali na bluu ile haipatikani. Akagawanya ishirini na nne na nusu kwa nane, akaondoa tatu, akakuna kichwa.

"Nikigawa sawasawa, kila dirisha linabaki na sentimita sita za pindo, juu na chini. Hii itatosha kweli?"

Safari hii fundi akainua uso kabla ya kujibu. Akasema itatosha, ila juu pasikunjwe. Pashonwe utepe wa mikunjo, unakula sentimita moja tu. Tano zibaki chini, zitiwe mnyororo mwembamba wa uzito ili pazia litulie kama msimamizi anavyotaka. Alieleza polepole, akamwonyesha kwa vidole, akiwa amemtazama usoni. Mke akatikisa kichwa, akasema hilo hakulijua.

"Hata mwalimu wako hajui hilo," fundi akasema akianza kukata, kifua kimeanza kumjaa.

"Atajulia wapi, masikini. Kwake madirisha yamezibwa na magazeti."

Mkasi ukasimama.

"Umejuaje madirisha yake?"

Mke akaeleza, akijizuia kucheka, kwamba nyumba iko mkabala na kituo cha maji na kila mwenye ndoo anayaona. Fundi akawaza. Maelezo yalikuwa sahihi, hayakuwa na kasoro hata moja, na hayo ndiyo yaliyomtia wasiwasi. Mwisho akakata shauri: baada ya kazi ya hosteli, mwalimu atashonewa mapazia ya bure, mazito, yasiyopitisha mwanga hata chembe, na atakayekwenda kupima ni yeye mwenyewe.