Chupa Niliyoivika Blanketi

"Rudi nyuma!" Bedan Kagwe alifoka, njiti ya kiberiti ikiwaka mkononi. Nani arudi? Chupa ile ilikuwa yangu.

Ilikuwa 1957, Ruiru, kwenye maabara ya kahawa ambako mimi, Mwongeli, niliajiriwa kuosha chupa. Bedan alikuwa msaidizi wa maabara. Alikuwa amesoma kwamba ule ukijani wa majini ukipigwa na jua unaweza kutoa hidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Miezi mitatu alichota ukijani bwawani, akauweka dirishani katika chupa zilizo wazi ili upate hewa. Wapi! Meneja, Mzungu asiyependa mzaha, akampa hadi Ijumaa: gesi ionekane, au Bedan arudi shambani kuchuma kahawa.

Jumatano nilimhurumia. Kwetu, uji ukitaka uchachuke huuachi wazi. Nikajaza ukijani na maji yake katika chupa moja hadi shingoni, nikaziba mdomo kwa nta ya nyuki, nikaivika blanketi na kuificha karibu na jiko.

Ijumaa asubuhi Bedan aliigundua, akakaribia kulia.

"Mwongeli, umenimaliza! Mmea bila hewa, bila jua? Huu si uji!"

"Hata hujaonja," nikamjibu.

Tukaivua blanketi, tukaitoa nje juani, kwa kuwa zile nyingine zilikuwa bure kabisa. Tulichuchumaa tukiikodolea macho. Kiputo kimoja kikapanda. Kisha vitatu, kisha vingi mno, vikikusanyika chini ya nta. Bedan akawasha kiberiti, akanifokea nirudi nyuma, akatoboa nta kwa sindano na kusogeza moto.

Pu! Gesi ikawaka, bila moshi.

Nilipiga kigelegele hadi wachumaji wakasimama na vikapu vyao. Bedan, mtu mzima na heshima zake, alinishika mikono tukarukaruka.

Meneja akaja mbio. "Nani fanya hii?"

Bedan angeweza kusema ni yeye, nami nisingembishia.

"Ni Mwongeli, bwana. Mimi sijui alifanyaje."

Meneja akamgeukia Bedan. "Wewe kaa hapa hapa, shamba hapana," akamwambia. Kisha akanivutia kiti, akafungua daftari. Siku ngapi? Joto kiasi gani? Nta ya wapi? Nilijibu yote, na niliringa, siwezi kukataa. Karai lilikuwa limejaa chupa chafu. Bedan akakunja mikono ya shati, akaanza kuziosha.